Duveti ya Kambi na Mikanda Yake

Kuna watu wamepata sifa kwa kupunguza vitu tu. Ray Jardine ni mmoja wao. Mmarekani huyu, mhandisi na mpanda miamba, alitembea na mkewe njia ya Pacific Crest, inayoanzia mpaka wa Meksiko hadi Kanada, zaidi ya kilomita 4,200 kwa miguu, na miaka ya 1990 akaeneza hoja ambayo mpaka leo sijaona wa kuivunja. Ukilala ndani ya begi la kulalia, manyoya yaliyo chini ya mgongo wako yanabanwa na uzito wako hadi yanakuwa bapa, na manyoya bapa hayashiki joto. Kinachokukinga na ubaridi wa ardhi ni kigodoro. Basi upande wa chini wa nini? Kata. Zipu ya nini? Ng'oa. Kofia? Si unayo kichwani? Kinachobaki ni duveti nyepesi yenye mfuko wa miguu mwishoni, na mtu yeyote mwenye cherehani anaweza kujishonea.

Hoja safi kabisa. Ila hoja haigeuki usingizini. Mimi nageuka.

Magamba, juu kule Lushoto, mwezi wa saba, ndiko utakakoelewa ninachosema. Ukijigeuza kushoto, pindo la kulia linanyanyuka, na baridi ya Usambara inaingia bila hodi. Ukilivuta la kulia, la kushoto nalo linakuaga. Usiku mzima unakuwa mwamuzi kati ya mapindo mawili yasiyoelewana. Ukiwalalamikia wenye duveti wenzako, ndipo wanapokutajia jambo ambalo hakuna aliyelitaja wakati wanakusifia wepesi: “Ah, kumbe hujaweka mikanda?”

Mikanda yenyewe ni kitu cha kueleza kwa dakika moja. Mmoja usawa wa viwiko, mwingine usawa wa nyonga, inazunguka kigodoro, na mapindo ya duveti yananasa humo yasiruke. Kueleza ni dakika moja. Kuipata Dar es Salaam, hiyo ni habari nyingine.

Kariakoo wana kila utepe alioumbiwa binadamu, mradi binadamu huyo anaoa. Niliomba utepe mgumu, mwembamba, wa nailoni. Nikaletewa satini ya pichi. “Baba, harusi lini?” Vifungo vya plastiki, vile vya mkoba wa shule, dume na jike, vipo, lakini vinauzwa kwa pakiti ya jumla, na mimi sifungui kiwanda. Mwishowe nikaenda Karume, nikanunua begi la mtumba lililokufa zipu, nikalikata vifungo na mikanda yote, na muuzaji akaniangalia nikifanya hivyo palepale mbele ya meza yake bila kuuliza. Yule nampa heshima zake.

Fundi wangu wa mtaani ndiye aliyeuliza.

“Mzee, hii ni ya mgonjwa?”

“Ya kulalia.”

“Na mikanda?” Akaipapasa, akashusha sauti. “Anatembea usingizini, eh? Poleni.”

Nilimweleza habari za kambi. Akaitikia kwa upole wa mtu ambaye hajaamini, kisha akataka kupiga mshono katikati ya duveti, kwenye nailoni nyembamba unayoweza kusoma gazeti upande wa pili. Hapana, fundi! Hapo kila tundu la sindano ni mlango wa manyoya kutokea, na ukivuta mkanda kidogo kitambaa chote kinachanika. Vitanzi vya kunasia vinashonwa kwenye pindo, kitambaa kilipojikunja, tena kwa kiraka nyuma yake. Akakubali. Ncha za utepe zikachomwa kwa kiberiti zisifumuke, na kibanda kizima kikanuka plastiki. Mama aliyekuwa akisubiri gauni lake akahamia kivulini ng'ambo ya barabara.

Sasa utajaribuje kifaa cha baridi Ilala? Nilitandika kigodoro sebuleni, nikapuliza mpaka nikaona nyota, nikajifunga ndani ya duveti, nikaelekeza feni ya kusimama ubavuni kwangu, namba tatu. Jasho lilinitoka hata kwenye kope, lakini upepo ulipopenya niliujua ulikopitia. Mke wangu aliingia akanigusa paji la uso kabla ya kusema lolote.

Feni ile imenifundisha mengi. Mkanda ukitoka pindo moja, ukapita chini ya kigodoro na kuvutwa hadi pindo la pili, ukiukaza sana kigodoro kinajikunja kingo juu, na wewe unalala mtaroni. Ukiulegeza, umerudi Magamba. Dawa ni mkanda ukae peke yake kwenye kigodoro, umekaza kiasi, halafu duveti inase kwake kila upande: usiku wa joto unanasia mbali, wa baridi unanasia karibu na mwili. Weka na kipande cha lastiki, ili ukigeuka kitu kingine kinyumbuke badala ya mshono. Kifungo kikae pembeni. Kikikaa chini ya mbavu, utakitambua kwa jina.

Nikapima mzigo wote kwenye mizani ya dukani kwa Mangi. Zipu niliyoambiwa ni mzigo niliing'oa. Mahali pake nina vifungo, vitanzi, viraka, lastiki na mikanda. Na haja ikikubana saa tisa usiku, zipu ulikuwa unaivuta mara moja. Hivi unavipapasa gizani kimoja kimoja, huku kibofu kinahesabu. Mangi akatikisa kichwa, akaniambia mchele wake angalau unalika.

Shemeji yangu, aliyecheka kuliko wote tangu nilipoleta begi lile bovu la Karume, amepiga simu jana. Anakuja nasi Lushoto. Begi la kulalia hana, kigodoro hana, na kusema kweli hata sweta sina hakika kama analo. Aliuliza, kwa ile sauti yake ya kuazima gari, kama duveti inaweza kutosha wawili. Nimemwambia mikanda haifiki.