Heko, Geostorm

Katika filamu zote zilizotengenezwa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, Geostorm ya mwaka 2017 ni miongoni mwa zilizosemwa vibaya kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoonewa zaidi. Ilianza kupigwa New Orleans mwaka 2014 kwa bajeti iliyofikia takriban dola milioni 120. Watazamaji wa majaribio walipoiona hawakuipenda, ikaitiwa mwongozaji wa pili na mamilioni mengine ya dola ili baadhi ya sehemu zirudiwe. Tarehe ya kutoka ikasogezwa, ikasogezwa tena, na ilipofika kwenye majumba ya sinema mwezi wa Oktoba 2017, Wamarekani na Wakanada waliinunulia tiketi za dola milioni 33 hivi. Hata wageni waliokuja kumzika marehemu huyu hawakumwombolezea. Mimi nasimama kuisifu, wala si kwa kuihurumia. Kila kasoro wanayoihesabu wahakiki ni mahali ambapo filamu hii imesema kweli tupu kuhusu namna dunia inavyolishughulikia joto lake, kweli ambayo filamu zilizotengenezwa vizuri zina adabu ya kutosha kuificha.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 2019 hali ya hewa inaharibika kiasi cha kuua watu kwa wingi, mataifa yanaungana chini ya uongozi wa Marekani, na mhandisi mmoja, Jake Lawson, anayeigizwa na Gerard Butler, anasimamia ujenzi wa mtandao wa satelaiti unaoizunguka dunia na kutuliza tufani kabla haijakomaa. Baada ya muda mtandao unaanza kuua badala ya kuponya. Kijiji cha Afghanistan kinaganda jangwani. Hong Kong ardhi inachemka mpaka mabomba ya gesi yanalipuka, Tokyo inapigwa mvua ya mawe makubwa ajabu, na kwenye ufuko wa Rio de Janeiro mwanamke aliyevaa nguo za kuogelea anakimbizwa na baridi, naye anaishinda kwa mbio. Mwongozaji Dean Devlin, aliyeshiriki kuandika Independence Day mwaka 1996, hakutaka mtu achoke. Katika muda wote huo hakuna mhusika anayeombwa apunguze chochote: safari ya ndege, makaa ya mawe, wala nyama mezani. Wahakiki wanauita huu uvivu wa mwandishi. Mimi nauona ni uaminifu. Nani aliyewahi kushinda uchaguzi katika nchi tajiri kwa kuwaambia watu wapunguze?

Atainuka mwanafizikia aseme kwamba mambo haya hayawezekani. Ana haki. Wataalamu wa vimbunga wa Marekani wamewahi kupiga hesabu wakaona kwamba joto linaloachiliwa na kimbunga kimoja kilichokomaa, mawingu yanapogeuka mvua, ni takriban mara 200 ya uwezo wa mitambo yote ya umeme duniani. Satelaiti ingeipata wapi nguvu ya kupigana mieleka na kitu kama hicho? Lakini mwanafizikia huyu amekosea mlango. Geostorm haikusema mashine hiyo inawezekana, ilisema tutaipenda. Na kwa hilo haina mpinzani, maana tangu siku za mwanzo za mikutano ya tabianchi, ahadi inayopigiwa makofi kuliko zote ni ile ya mtambo ambao bado haujajengwa.

Kasoro ya pili inayodaiwa ni jambazi. Filamu inafika mwisho, na kumbe aliyeichafua mbingu ni mtu mmoja: Dekkom, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, anayeigizwa na Ed Harris kwa uso wa mtu anayewaza mambo mengine. Mpango wake ni kuwaua viongozi wote waliomtangulia katika safu ya kurithi urais na, kwa kutumia mtambo huohuo, kuwafuta maadui wa nchi yake. Wakosoaji wanacheka. Ila mtazame mtazamaji anavyotoka ukumbini akiwa mwepesi! Jumba bovu limemwangukia waziri mmoja, naye ametiwa pingu. Hakuna haja ya kuuliza nani aliyechoma mafuta kwa miaka mia na hamsini, wala kwa nini bara la Afrika, lenye karibu mtu mmoja kati ya kila sita duniani, linatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa na bado limo kwenye foleni ya mbele ya kulipa. Swali hilo lingehitaji filamu ya saa nyingi, isiyo na mtu wa kumfunga pingu.

Sifa kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni mwaka ambao filamu iliuchagua. Mwaka 2019 ulifika kweli. Usiku wa tarehe 14 Machi kimbunga Idai kiliingia Beira, Msumbiji, na mpaka maji yalipopungua watu zaidi ya 1,000 walikuwa wamekufa huko, Zimbabwe na Malawi. Wiki sita baadaye kimbunga Kenneth kilipita Komoro na kutua Cabo Delgado; kusini mwa Tanzania, Mtwara na Lindi zikapewa tahadhari. Na mataifa yakaungana? Tarehe 4 Novemba mwaka huohuo Marekani iliwasilisha rasmi barua ya kujitoa katika Mkataba wa Paris. Mtu akiiona Geostorm leo anaweza kusema ilitabiri vibaya. Sikubali. Ilitabiri maafa sawasawa, na ikakosea upande wa binadamu tu.

Liko pingamizi lenye uzito zaidi: kwamba filamu ya namna hii inadhuru, kwa kuwa inamfariji mtu aliyepaswa kuhangaika. Wanaosema hivyo huileta The Day After Tomorrow ya Roland Emmerich, ya mwaka 2004, ambayo fizikia yake nayo ilikuwa mbovu (mle vijana wanaifungia baridi mlango), lakini utafiti uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba walioitazama walikuwa na wasiwasi zaidi kuhusu tabianchi kuliko wasioitazama. Vizuri. Wasiwasi huo sasa umetimiza zaidi ya miaka ishirini, na hewa ya ukaa angani imeongezeka kila mwaka tangu hapo. Geostorm haikumsumbua mtu kwa wasiwasi. Funika kombe mwanaharamu apite: mtambo unazimwa, unawashwa upya, shujaa anarudi kazini. Kama matokeo ni yaleyale, kwa nini tusimshukuru aliyetuachia usingizi wetu?

Tena kuna jambo moja ambalo filamu hii ililiona kabla ya wengi wenye heshima kuliko yake. Mlima Pinatubo ulipolipuka Ufilipino mwaka 1991, salfa iliyorushwa anga za juu iliipoza dunia kwa karibu nusu ya nyuzi ya Selsiasi kwa mwaka mmoja au miwili, na tangu hapo wako wanasayansi wanaochunguza kama binadamu anaweza kufanya hivyo kwa makusudi. Geostorm inauliza swali lililo muhimu kuliko kiasi cha salfa: swichi ashike nani? Mle ndani inahitaji alama za vidole na mboni za macho za rais wa Marekani, ndiyo maana anatekwa nyara na kukimbizwa ndani ya teksi chini ya radi. Ni upuuzi, lakini ni upuuzi unaojua mamlaka yanakaa wapi.

Kwa haki lazima nitaje dosari moja, nisionekane nimehongwa. Mwishoni mtambo unakabidhiwa kamati ya kimataifa, na kila nchi inaridhika. Hapo filamu imevuka mpaka wa kusadikika. Wiki ileile Idai ilipokuwa ikiielekea Beira, wajumbe wa Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa walikuwa Nairobi, na Uswisi ikawawekea mezani pendekezo dogo: iandikwe ripoti tu kuhusu teknolojia za kuipoza dunia na namna ya kuzisimamia. Marekani na Saudi Arabia zilipinga, pendekezo likaondolewa. Mwaka 2024 Uswisi ilirudi Nairobi na wazo la jopo la wataalamu. Nchi za Afrika zilitaka teknolojia hizo zisitumike kabisa, wengine wakataka lao, na pendekezo likaondolewa tena. Satelaiti zinazotuliza tufani naweza kuzivumilia. Kamati ile inanishinda.