Runinga Iliyo Njiani

Maandishi "HD Ready" kwenye pembe ya runinga hayana maana kwamba picha safi imo ndani ya boksi. Lebo hiyo ilianza Ulaya mwaka 2005, ikitolewa na umoja wa viwanda vya elektroniki. Masharti yake si makubwa: kioo kiwe na mistari isiyopungua 720, na runinga iweze kupokea picha za HD kutoka kifaa kingine. Kifaa hicho atajua mnunuzi. Utayari huo ni ule wa mtu anayejibu simu "niko njiani" huku bado anatafuta soksi.

"Full HD" ina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, zaidi ya milioni mbili. "HD Ready" nyingi zina 1366 kwa 768, karibu nusu ya hizo. 4K ni 3840 kwa 2160, mara nne ya Full HD. K ni elfu, na pale 3840 inapopungukiwa kufika 4000, muuza duka hujazia kwa mdomo. LED haihusu pikseli hata kidogo. Ni taa ndogo zinazomulika kioo cha LCD. Herufi ndogo nazo zina mambo yake: katika 1080i mistari ya witiri huchorwa kwanza, ya shufwa ikafuata, katika 1080p yote huchorwa kwa mkupuo.

Inchi ndizo huleta ugomvi. Hupimwa kutoka pembe hadi pembe, kwa mshazari. Mwenye runinga ya inchi 32 akipitisha futi ya fundi cherehani upande hadi upande, hupata kama 28, akarudi dukani amefura kudai nne zake.

Aibu yenyewe husubiri siku ya mechi, majirani wamekwisha jaa sebuleni. King'amuzi kimeunganishwa kwa nyaya zilezile za runinga ya zamani: nyekundu, nyeupe na manjano. Picha ya 4:3 imevutwa ijaze kioo cha 16:9, kipa ana mabega ya kabati, na mpira unabingirika kama papai. Lawama huiangukia antena, na kijana mmoja hupandishwa juu ya bati kuizungusha. Antena haina kosa. Rimoti ingerudisha papai kuwa mpira, lakini ukungu ungebaki, kwani waya wa manjano haupitishi HD. Kazi hiyo ni ya waya wa HDMI, ambao mara nyingi bado umo ndani ya boksi la king'amuzi, na kamba yake haijafunguliwa.