Ndege wa Nani?

Leo asubuhi nimeshukiwa wizi wa nyaya, na kosa lenyewe ni kusimama. Nilikuwa nje ya ukuta wa mtu, nimeinua shingo kuutazama mnazi uliosheheni viota vya kwera. Mlinzi akatoka na rungu.

“Bosi, unatafuta nini?”

“Natazama ndege.”

“Ndege wa nani?”

Nikakosa jibu. Kweli, wa nani? Vijana wa bodaboda wakasogea kusikiliza kesi.

Laiti nao wangetazama juu! Dume, wa manjano mwenye kichwa cheusi, anang’ata ukingo wa jani la mnazi kisha anaruka nalo. Mruko ndio unaochana uzi mrefu. Anausuka kwa mdomo huku ameukanyaga kwa mguu. Anaanza na pete tupu, anasimama ndani yake na kusuka pande zote, kadiri mdomo unavyofika. Chumba kikiisha, ananing’inia mlangoni kichwa chini, anapiga mabawa na kupayuka kama mpiga debe wa Mbagala. Jike anaingia, anavutavuta nyuzi, anakagua. Asiporidhika anaondoka bila kuaga. Kiota kikikauka kikawa kahawia kabla ya kupata mke, hakina soko tena: dume anakifumua mwenyewe, anaanza upya kwa majani mabichi. Mmoja alikuwa anafumua mbele ya macho yangu, kwa hasira kabisa, rungu liliponigusa bega.

“Kitambulisho!”

Aliyeniokoa ni mama wa vitumbua. “Mwacheni baba wa watu, hana kazi tu huyo.” Wakaniachia papo hapo, tena kwa huruma.

Dar es Salaam unaruhusiwa kusimama ukiwa unauza, unanunua, au unasubiri daladala. Mti wa barabarani ukikatwa kupisha lami, haumhusu mtu. Ukitazamwa tu, una mlinzi.

Mkrismasi uliochanua Desemba niliutazama kidogo, simu ikahama mfukoni.

Siku nyingine nilienda kulitazama jua likichomoza baharini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, lakini ukuta nilioukuta pale ulikuwa unalowa maji yakijaa. Getini nikaambiwa kiingilio ni lazima, na wanafungua saa tatu. Jua halikuwa limearifiwa.