Gereza Lenye Mfungwa, Lisilo na Ukuta

Ndugu wa Boyoma, jiji letu la Kisangani, mnaoota uwanja wa mpira wa kisasa pale mtaa wa Makiso, subirini. Mechi kubwa tulishaandaa: Juni 2000 Rwanda na Uganda zilicheza siku 6 kwa mizinga mitaani mwetu, na sisi wenyeji tukalipa kiingilio kwa roho zetu. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaitoza Uganda dola milioni 325 kwa madhara yake Kongo. Kutoka kwenye fidia hiyo likaja wazo la gereza jipya Kisangani. Septemba 2025 aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, akahukumiwa miaka 3 ya kazi ngumu kwa ubadhirifu wa mamilioni ya ujenzi huo. Hongera: gereza halijasimama, mfungwa tayari! Kabla ya kuchora viti vya uwanja, mlipeni kwanza mwendesha toleka, teksi ya baiskeli, anayengoja fidia yake ya vita.