Kiwambo cha Ngozi

Mkoba ule baba aliununua Mombasa kabla sijazaliwa. Ulikuwa wa ngozi ya mbuzi, laini kama kanga iliyofuliwa miaka, na mama aliutoa kabatini kwa arusi na misiba tu. Kaka yangu aliukata kwa wembe Jumamosi asubuhi, mama akiwa soko la Mgandini. Mimi ndiye niliyeushika usiteleze.

Gari la baba, Land Cruiser HJ47 ya mwaka 1982, lilikaa chini ya mwembe wetu hapa Tanga miaka tisa tangu alipofariki. Kuku walitaga nyuma ya kiti. Sakafu ililiwa na kutu hadi ukiinama unaona mchanga. Tulitaka litupeleke Muheza kwenye hitima yake, basi tukachomelea bati, tukabadili klachi, tukakomba tope kwenye tangi la dizeli. Kazi hizo ni jasho na fedha, lakini zina mwisho. Injini yenyewe, 2H ya silinda 6 na cc 3,980, ilikuwa nzima. Fundi, mzee aliyestaafu gereji ya shamba la mkonge na rafiki wa baba, aliizungusha kwa mkono akatabasamu.

Tuliiwasha Ijumaa jioni. Mama alikuwa ameanika mashuka meupe ya wageni. Injini ilishika mara moja, ikaunguruma, kisha ikaanza kupanda yenyewe bila mtu kukanyaga mafuta, ikapanda, ikapiga kelele mpaka kioo cha dirisha la jikoni kikatetemeka. Moshi mweusi ulifunika ua. Kaka alizungusha ufunguo, wapi! Kidude cha umeme kinachozima pampu kilikuwa kimekufa zamani. Mzee alijitosa chini ya boneti akauvuta wenzo wa pampu kwa mkono wake, akashikilia hadi ikanyamaza. Mashuka yalikuwa ya kijivu. Mama aliyaanua bila neno, akayaloweka upya usiku ule ule.

"Kiwambo kimechanika," Mzee alisema.

Sikujua kwamba gari lina kiwambo kama ngoma. Pampu ya injini hii inatawaliwa na pumzi. Kwenye njia ya hewa kuna kibati kinachojifunga ukiachia mafuta. Injini ikivuta hewa pale penye finyo, mvuto ule hupita ndani ya mpira mwembamba mpaka nyuma ya pampu, na huko kuna duara la ngozi. Ndiyo, ngozi ya mnyama. Ngozi ikivutwa, huirudisha fimbo inayopima dizeli. Upande wa pili springi inaisukuma fimbo hiyo hiyo mbele. Ngozi ikitoboka, springi hubaki peke yake, na injini hunyweshwa dizeli yote iliyopo. Tangu siku ile nimekipenda chombo hiki. Uhai wake wote umeachiwa kipande cha ngozi kisichojaa kiganja.

Kukipata ndiyo ilikuwa shughuli. Kaka alizunguka Gerezani, Dar es Salaam, siku tatu, akaambiwa anunue pampu nzima, bei ya ng'ombe kadhaa. Rafiki yake alipita maduka ya barabara ya Kirinyaga, Nairobi, akarudi mikono mitupu. Binamu yetu aliyeko Sharjah alituma kimoja. Tulikisubiri wiki tano, tukakifungua mezani wote tumekizunguka, kumbe ni cha pampu nyingine, duara lake dogo. Hitima ilikuwa imebaki siku kumi. Tulijaribu ngozi mbichi ya ngoma. Ilikauka ikawa ngumu kama ubao, injini ikawa inapanda na kushuka kama mtu mwenye kwikwi.

"Nataka ngozi laini, nyembamba, isiyopitisha hewa," Mzee alisema, akaenda kuswali. Tukatazamana. Wote wawili tuliijua ngozi hiyo ilipo.

Mama aliporudi, injini ilikuwa inanguruma taratibu, kwa sauti ile ya baba akifika jioni. Alisimama getini na kikapu chake akasikiliza. Kisha akauona mkoba.

Hakutupigia kelele. Siku mbili hakusema nasi, chakula aliandaa akaingia ndani. Siku ya tatu alitoka na kichupa cha mafuta ya nyonyo akamkabidhi Mzee.

"Shemeji, kipake haya. Kila Ramadhani nilikuwa naupaka, ndiyo maana haukukauka." Akatugeukia. "Mngeniomba ningewapa. Nyie mmeiba."

Naamini angetoa. Tulimnyima nafasi ya kutoa, na hilo bado linaniuma kuliko mkoba wenyewe. Tulimpigia magoti, akatupa mkono, lakini hakutabasamu.

Siku ya hitima alikaa mbele. Fundi viatu alikuwa amemshonea mabaki yakawa kipochi kidogo, kifungo kile kile cha shaba, naye alikipakata. Baada ya Pongwe tukafika kwenye mteremko, kaka akaachia mafuta. Injini ikatulia, ikashusha pumzi.

"Sasa hivi ndiyo kinavuta?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama. Sasa kinavuta."

Akaegemeza kichwa dirishani, akasikiliza.