Uungwana wa Saa 15

Kati ya Nairobi na New York kuna kilomita zipatazo 11,800. Tangu Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza kwenda huko moja kwa moja, abiria huzimaliza kwa saa 15 hivi. Kurudi ni nafuu kidogo, kwani pepo kali za juu kutoka magharibi huisukuma ndege kwa nyuma.

Saa zote hizo abiria huzivumilia kiungwana. Analala ameketi, magoti yamebanwa na kiti cha mbele, anakula alichopewa na haulizi.

Magurudumu yakigusa lami tu, uungwana kwisha! Taa ya mkanda haijazimwa, begi limeshateremshwa, kiwiko kimo ubavuni mwa jirani, na mheshimiwa amesimama shingo upande chini ya kabati akiukodolea macho mlango uliofungwa.

Anawahi nini? Wakati wa baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane. Aliyeondoka saa sita usiku anatua saa moja asubuhi. Ofisi hazijafunguliwa, na sanduku lake kubwa bado limo tumboni mwa ndege. Kaa kitako, bwana.