Danieli wa Kitabuni

Ukipanda daladala ya alfajiri Dar es Salaam, hamjafika mbali mhubiri ameshasimama katikati ya viti, Biblia kwapani, mkono mmoja umeshika bomba. "Ndugu yangu, ukifa sasa hivi unakwenda wapi?" Siku moja, kabla hajameza mate, konda alimjibu kwa niaba ya abiria wote: "Gerezani, mwisho wa gari!" Watu wakacheka, mhubiri mwenyewe akacheka, na nadhani sadaka yake ya siku ile ilinona.

Swali lile hunishika pabaya, na sababu yake ni karatasi, imani ninayo. Walutheri wengi wa kule kwetu hatuna mazoea ya kutaja tarehe na saa tuliyookoka. Tukibanwa sana tunatoa cheti cha ubatizo. Cheti changu kimeandikwa jina la mtu mwingine.

Nilizaliwa Upareni, nikapewa jina la babu, Anaeli. Jumapili ya kubatizwa, kama inavyosimuliwa kila mwaka Krismasi, watoto walikuwa wengi, mvua inapiga bati, na kila mtoto ana wimbo wake. Mchungaji akainama amsikilize msimamizi wangu, mama mdogo, ambaye hata akimwita ng'ombe hunong'ona. Mchungaji akasikia Danieli. Mama alipoinua mkono kusahihisha, mzee wa kanisa akamtupia jicho la "mama, ibada inaendelea", mkono ukashuka. Bibi akafunga mjadala wakati wa chai: Danieli alitoka salama kwenye tundu la simba, basi jina halina neno. Nyumbani nikabaki Anaeli, shuleni Anaeli, kitambulisho cha taifa Anaeli. Danieli akabaki kanisani.

Kwenye kipaimara, tukiwa tunakariri Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 kama kasuku wenye njaa, nilimuuliza mwinjilisti mbinguni wananijua kwa jina lipi. Hakushtuka. Alisema majina yaliyotakiwa kutajwa sawasawa siku ile yalitajwa, la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu. Langu ndilo lililoteleza, na langu halikuwa likimbatiza mtu. Kisha akanirudisha kwenye amri ya nne, ambayo sikuwa nimeikariri.

Baadaye niligundua swali langu lina ndevu. Baada ya mateso ya Kaisari Diokletiano yaliyoanza mwaka 303, Wakristo wa Afrika Kaskazini walivutana zaidi ya miaka mia moja: askofu aliyeogopa akasalimisha Maandiko yachomwe, je, ubatizo unaopitia mikononi mwake unafaa kitu? Kundi lililoitwa Wadonati likasema haufai. Augustino, Askofu wa Hippo, mji uliokuwa katika Algeria ya leo, akawapinga, na kwenye mkutano mkubwa wa Karthago mwaka 411 alikuwa mstari wa mbele. Hoja yake ni kwamba anayebatiza hasa ni Kristo, kwa hiyo mkono wa mhudumu, uwe safi au mchafu, hauongezi wala haupunguzi. Luther naye, kabla hajatulia, alikuwa akiungama dhambi kwa masaa mfululizo hadi Staupitz, mkuu wake katika utawa, akachoka kumsikiliza. Namhurumia Staupitz. Nina shangazi wa namna hiyo.

Tangu hapo ibada imekuwa tamu kwangu. Umeme ukikatika katikati ya kwaya na kinanda kikafa kama kimekabwa, naimba. Matangazo yakiwa marefu kuliko mahubiri, nasikiliza. Jogoo wa mnada akinunuliwa, akarudishwa madhabahuni, akanadiwa upya hadi amegharimu kama mbuzi na bado hana mwenyewe, napiga makofi. Kama wokovu wangu ungengoja sisi tupatie kila kitu, ningekuwa na wasiwasi tangu mahubiri ya kwanza niliyoyasikia.

Shida ilianza nilipohamia Dar. Barua ya uhamisho ilisema Danieli, fomu niliyojaza mwenyewe ilisema Anaeli, na usharika, kwa ukarimu, ukatupokea wote wawili. Tukapewa bahasha zenye namba mbili tofauti. Anaeli anatoa, si haba. Danieli hajatoa hata senti, na kila mwisho wa mwaka orodha ya ahadi za jengo inaposomwa, jina lake linafuatwa na ukimya unaoumiza. Nilikwenda ofisini kueleza; nikaambiwa nilete kiapo cha mwanasheria, na Danieli naye afike mwenyewe atie sahihi.

Mwezi uliopita kiongozi wetu wa jumuiya, mzee mwenye moyo wa kichungaji kwelikweli na masikio yaliyoanza kuchoka, alinivuta pembeni.

"Bwana Yesu asifiwe, kijana wangu. Huyu Danieli si wa ukoo wenu?"

"Amina, mzee. Danieli ndiye mimi."

"Vizuri sana kumbebea ndugu yako mzigo. Sasa mfuate. Usimgombeze, kaa naye, omba naye, umrudishe kundini."

Nilikwenda nyumbani nikakaa naye, nikaomba naye. Jumamosi mzee akataka taarifa mbele ya jumuiya nzima. Nikasema nimemkuta, ni mzima, na anasema hajawahi kuondoka. Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee akafuta miwani, akafungua daftari la zamu.

"Basi Jumamosi ijayo jumuiya ni kwa Danieli, tumtie moyo. Inayofuata tunakuja kwako, Anaeli, maana zamu yako imefika."

Mke wangu sasa anatafuta ngano ya jumla.